Mechi 13 ngumu wameshinda moja, wakaingia vipi?

SUALI: Assalaam alaykum kaka. Mie basketi ya vyuo vya Marekani naifuata sana, na mwaka 2025 Machi iliangukia Ramadhani, timu za mashindano yao makubwa ya NCAA zinatangazwa huku kwetu saa saba usiku basi nikakaa macho mpaka daku. Naona North Carolina hao wameingia, na mechi 13 za daraja la kwanza, yaani zile ngumu, wameshinda moja tu! Halafu mwenyekiti wa kamati inochagua timu mwaka huo alikuwa mkuu wa michezo wa chuo hicho hicho. Huo si ujomba jamani?
Msomaji, Chake Chake

JAWABU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hilo la mwenyekiti hata Wamarekani wenyewe liliwachoma, ila kanuni yao timu yako ikijadiliwa unatoka nje, na huyo mwenyekiti, Bubba Cunningham, alitoka. Mie sina ugomvi nae sana.

Kinachoniudhi ni kingine. Mwaka huo timu zilikuwa 68, 31 ni mabingwa wa ligi zao, hao hawagusiki, 37 zilobaki zilichaguliwa na watu 12 wa kamati wamejifungia chumbani. Wanaangalia umemfunga nani na wapi: ugenini ukimfunga alokuwa ndani ya 75 bora kwenye jedwali la NET, orodha yao ya ubora wa timu, hiyo ni daraja la kwanza, kwako nyumbani mpaka awe ndani ya 30. Sasa wa ligi kubwa wanakutana wenyewe kwa wenyewe kila wiki, ndo maana SEC, moja ya ligi hizo kubwa, wakapeleka timu 14 kati ya 16. Wa ligi ndogo nani atakwenda kwao? Wee wa Pemba unajua vizuri, kila siku nyie ndo mpande boti, wa mjini wakiambiwa waje Chake kila mtu ana udhuru wake.

Indiana State 2024 walishinda 28 wakafungwa 6, kwenye jedwali la NET wapo ndani ya 30, wakateleza fainali ya ligi yao kwa Drake basi, nje! Wakapelekwa NIT, yale mashindano ya waliokosa, na huko wakafika fainali. Hapo mie ndo nilikasirika kweli.

Na hao North Carolina wako walimpiga San Diego State 95-68 watu wakanyamaza, siku mbili tatu baadae Ole Miss akawatoa. Lakini hiyo 95 haijibu suali lako, kwa sababu West Virginia waloachwa hawakupewa hata hiyo mechi moja tukawaona.