Kikombe kisafi, tangi lina maji

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kwenye mafunzo ya kazi katika karakana moja pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kila asubuhi natoa mafuta kidogo chini ya mabawa ya Cessna 172 kuangalia kama yana maji. Juzi kikombe kilikuwa safi, bila mstari wala tone, lakini fundi mkuu akanirudisha nikatazame tena. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ulitafuta mstari ukasahau rangi. Avgasi ya 100LL, yaani petroli ya ndege kama hiyo, ni ya buluu. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hutuama chini ya tangi, palepale unapotolea. Yakiwa kidogo utayaona yamejitenga chini ya kikombe kama ushanga. Yakiwa mengi, kikombe kizima ni maji matupu, na mstari utautoa wapi? Kikombe cha namna hiyo ndicho cha kuogopwa, maana injini huja kuzimika ndege ikipanda juu ya mapaa ya watu.

Kiweke mbele ya karatasi nyeupe. Usikiinue kuelekea angani, buluu ya anga itakudanganya. Kisha nusa. Ukibaki na shaka, dondoshea karatasi tone moja: avgasi hukauka upesi bila alama, Jet A-1, mafuta ya ndege za injini za turbini, huacha doa la mafuta. Hilo la Jet A-1 lisikupite. Ndege za Cessna Caravan zinaitumia, na haina buluu. Ikiingia kwenye 172 kwa makosa ni hatari vilevile.

Pima kabla ndege haijasukumwa. Ikiwa imejazwa sasa hivi, ipe avgasi kama dakika 15 kwa kila futi ya kina ili maji yashuke. Kwenye toleo la 172S kuna sehemu 13 za kutolea, na zote ni zako.

Masika moja nilitoa vikombe vinne vya maji kwenye bawa la kushoto. Nilipopitisha ukucha kwenye mpira wa kifuniko cha tangi, ulinasa kwenye ufa mwembamba kama unywele. Mvua ya usiku kucha ilikuwa imepitia hapo. Kwa hiyo ukikuta maji, toa mpaka buluu itulie, tikisa mabawa taratibu, subiri, toa tena. Yakizidi kuja, ndege hairuki. Mwite fundi mkuu, mkague vifuniko pamoja, na iandikwe kwenye kitabu cha ndege.

Na nawa mikono kabla ya chai ya saa nne. Avgasi hiyo ina madini ya risasi.