Kabla Hujasema "Huyu Siye"

Zikitoka sanamu mpya za vinili (plastiki laini) za vikaragosi wa Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha Marekani, au wa kundi la Muppets, wakusanyaji hugawanyika siku hiyohiyo. Wako wanaosema "kazuri!" na kutoa hela, na wako wanaosema "huyu siye" na kuondoka. Mimi humng'ang'ania huyu wa pili. Siye kwa sababu gani? Jicho? Shingo? Rangi ya pua? Kwa vikaragosi, hiyo "siye" karibu kila mara ina mahali pake hasa, na ukishapajua utanunua vizuri na maoni yako yatawafaa wenzako.

Nimeishi na sanamu hizi kwa miaka mingi, na la kwanza ninalomwambia anayeanza ni hili: usiilaumu sanamu kwa kuwa hailingani na kikaragosi mwenyewe, maana haikutengenezwa ilingane. Mtindo wa Pop, ambao Funko, kampuni ya Marekani ya sanamu hizi, waliuanzisha mwaka 2010, una kanuni zake: kichwa kikubwa chenye pembe zilizolainishwa, kiwiliwili kidogo, macho mawili meusi ya duara, na mara nyingi mdomo hakuna. Batman hapotezi kitu hapo, kwani tunamjua kwa barakoa na joho lake. Kikaragosi anaweza kupotea kabisa.

Anapotea kwa sababu kikaragosi ni kitambaa, sponji na mkono wa mtu, na uhai wake umekaa machoni na mdomoni. Kermit, yule chura wa Muppets, wa kwanza wa mwaka 1955, Jim Henson, muasisi wa Muppets, alimshona kwa koti kuukuu la mama yake, na macho akayafanya kwa mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu mbili. Don Sahlin, fundi aliyewaunda wengi wa miaka ya mwanzo, aliyaacha macho hadi mwisho wa kazi, yeye na Henson wakayasogeza hadi yapatane na pua na uso uonekane unamtazama mtu. Kwa hiyo tafuta mboni kwanza. Iinue sanamu hadi usawa wa uso wako, igeuze polepole kushoto na kulia. Ikiwa msanii ameweka mboni na kuzielekeza sawasawa, kuna pembe moja ambapo itakutazama, na utajua papo hapo. Ikiwa ameweka duara jeusi tupu, hiyo pembe hutaipata, na sasa unayo sababu ya kusema "siye".

Kipimo changu kikubwa lakini ni Bert na Ernie, wale marafiki wa Sesame Street wanaokaa nyumba moja na kuzozana, na hapa nitakaa kidogo. Hawa wawili walibuniwa wapingane kabla hata hawajafungua mdomo. Kichwa cha Bert ni kirefu, kimesimama. Cha Ernie ni kipana, kama kimelazwa. Sweta ya Bert ina mistari ya wima, ya Ernie ya mlalo. Bert ana nyusi nene zilizoungana kuwa moja, Ernie hana hata unywele wa nyusi. Ukimjua mmoja umemjua mwenzake kwa kinyume chake. Sasa chukua kiwanda kinachotumia kichwa cha umbo moja kwa wote wawili, kikabadilisha rangi na nywele tu: ugomvi wao umekufa hapo. Ninayo jozi ya namna hiyo, ya mtengenezaji ambaye sitamtaja. Nyusi za Bert zimepigwa rangi bapa juu ya paji, hazikuchongwa. Weka taa juu yake: haziangushi kivuli chochote machoni, na Bert asiye na kivuli machoni hana wa kumkasirikia. Jozi nyingine niliyonayo ina nyusi zilizoinuka, nene kama uzi wa kiatu, na ukiipita tu unahisi umemwamsha usingizini. Zote mbili ni vinili, zote ni za mtindo wa kichwa kikubwa. Tofauti ni milimita chache za nyusi.

Wako vikaragosi ambao kanuni ya macho meusi ingewaua moja kwa moja. Dr. Bunsen Honeydew, mwanasayansi wa Muppets, hana macho, ana miwani tu. Swedish Chef, mpishi wao, macho yake yamefunikwa na nyusi, na mikono yake kwenye The Muppet Show, kipindi chao cha televisheni, ilikuwa mikono halisi ya mchezeshaji vikaragosi Frank Oz, vidole vya mtu vikitoka kwenye mikono ya shati. Kwa Chef mimi huanzia mikononi. Akipewa vingumi viwili vya mviringo, hata uso uwe mzuri namna gani, mpishi hayupo.

Na Gonzo, yule Muppet mwenye pua ndefu iliyopinda, uliza ni wa mwaka gani. Katika msimu wa kwanza wa The Muppet Show, ulioanza 1976, macho yake yalikuwa yamelegea kwa huzuni muda wote. Msimu wa pili aliwekewa kope zinazofunguka ili aweze kushangilia. Mtu akilalamika kwamba Gonzo wa vinili amenuna, huenda msanii alimfuata yule wa mwanzo.

Usichanganye kosa la kalibu (umbo ambamo plastiki humiminwa) na kosa la rangi. La kalibu utalikuta katika kila boksi dukani. La rangi, kama mboni iliyovuka mpaka au tone shavuni, ni la boksi hilo moja. Omba la pili na la tatu ulinganishe kabla ya kulipa. Sisi wa pwani tuna la ziada: usiweke rafu penye jua la dirishani, miguu hulegea na rangi hupauka. Mguu uliopinda uloweke kwenye maji ya moto kidogo, unyooshe, kisha uutie kwenye maji baridi.

Ninayemtamani mimi katika vinili ni Kami, yule wa Takalani Sesame, Sesame Street ya Afrika Kusini, aliyekuja kwetu kupitia Kilimani Sesame ya Tanzania. Ana manyoya ya rangi ya haradali, na manyoya ndiyo mtihani mgumu kwa vinili. Baadhi ya matoleo hupakwa vumbi laini la nyuzi juu ya plastiki; linapendeza kwa mkono, ila linafuta michongo midogo ya uso. Kwa Kami ningetaka mwili upakwe na uso uachwe mtupu, wachonge manyoya mashavuni, na mboni wazikadirie kwa urefu wa mtoto anayeitazama televisheni akiwa ameketi sakafuni.