Maswali na majibu: Boti ya dagaa iliyolala mita saba, Kigoma

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilisomea uzamiaji Nungwi mwaka jana na nimeshapiga mbizi 14, zote baharini. Julai nakwenda Kigoma kwa mjomba. Anasema mbele ya mwalo wao kuna boti ya mbao ya dagaa iliyozama zamani, mita saba hivi, imelala kifudifudi. Nipunguze risasi za uzito za mkandani kilo ngapi kwa kuwa ni maji baridi, yasiyo na chumvi? Kwa kina kifupi hivyo, nihangaike na kompyuta ya mkononi inayopima kina na muda? Na naweza kuingia ndani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lililonifanya niache chai yangu. Usiingie.

Boti iliyopinduka ni pango lenye paa la mbao zilizochoka. Kwanza, juu ya kichwa chako hakuna njia ya kutokea. Pili, chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, huweza kubaki mfuko wa hewa, na mgeni akiuona hushawishika kutoa regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni apumue bure. Hewa ile si hewa tena. Mbao zinazooza na misumari inayoshika kutu hula oksijeni yake, na tope huweza kuongeza gesi ya sumu. Mtu anaweza kuzimia pale pale, bila kukohoa.

Wasiwasi wangu mwingine ni nyavu. Boti iliyozama hunasa nyavu za wenzake mwaka baada ya mwaka, na uzi wa nailoni hauonekani majini mpaka ukukamate. Mimi ulinikamata valvu ya mtungi, nyuma ya shingo, kwenye kina ambacho ningesimama mabegani mwa mtu ningetoa kichwa. Kisu kilikuwa mguuni, mkono haukifikii. Mwenzangu ndiye aliyeukata uzi. Tangu siku ile kikata-uzi nakifunga kifuani, na mkasi wa pili mfukoni. Ukinaswa usigeuke, kwani kila ukigeuka unajiviringisha. Tulia, rudi nyuma kidogo, mwite mwenzako. Kama huna mwenzako aliyefunzwa, hiyo safari ibaki hadithi ya mjomba.

Sasa risasi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia mbili na nusu. Panda kwenye mizani na vifaa vyako vyote. Ukipata kilo 96, asilimia hiyo ni kilo 2.4. Kwa hiyo kama Nungwi ulifunga kilo 8 na suti ni ileile, anza na 6 kisha ujaribu karibu na ufuko, mtungi ukiwa umebaki bar 50 za mgandamizo wa hewa. Jaketi la kuelea liwe halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yakufikie machoni. Ukitoa pumzi uzame taratibu. Usijaribu na mtungi uliojaa ukaridhika. Hewa nayo ina uzito, na mtungi wa lita 11 ukitoka bar 200 hadi 50 unapungua karibu kilo mbili. Mzamiaji aliye mwepesi mwishoni mwa mbizi ndiye anayechomoka juu kama kizibo.

Na kuchomoka kutoka mita saba si mchezo. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya juu yake ni nyepesi kuliko ya Nungwi. Lita nne za hewa ulizovuta chini pale zitataka kuwa karibu lita saba ukifika juu. Ukizuia pumzi, zitapasua mapafu. Watu hudhani kina kifupi kina huruma, kumbe mita za mwisho ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote.

Kompyuta ivae. Iwashe ukiwa ufukoni, ichagulie hali ya maji yasiyo na chumvi, na usome kitabu chake: nyingine hujua mwinuko zenyewe, nyingine hungoja uziambie. Kwa mita saba muda wa kukaa ni mrefu, hewa itakwisha kabla. Tatizo liko barabarani. Kutoka Kigoma kwenda Kasulu unapanda, na naitrojeni iliyobaki mwilini, ambayo hugeuka mapovu ukipanda mapema, haijui kama umepanda kwa ndege au kwa Noah. Mwongozo wa ndege ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya kadhaa. Mimi njia ile naihesabu kama ndege. Chumba cha mgandamizo cha kutibia mapovu hayo ninachokijua kiko Zanzibar, na huko si jirani.

Ukishafika, utakuta mbao nyingi kuliko ulivyotarajia. Yule mdudu anayetoboa vyombo baharini, ambaye mafundi wa pwani humpiga vita kwa moto wa makuti na deheni, hawezi kuishi kwenye maji baridi. Ndiyo maana kule Ontario, Kanada, merikebu ya mbao Sweepstakes, iliyozama 1885, bado iko kwenye mita sita na umbo lake linatambulika. Lakini yale ni maji ya baridi kweli. Tanganyika ni nyuzi 24 na zaidi, bakteria wanafanya kazi bila likizo. Misumari huachia kwanza. Ubao unaonekana mzima, kumbe haujashikwa na kitu. Usishike taruma, zile mbavu za boti, usikanyage. Zunguka kwa nje kutoka omo hadi tezi, mita moja mbali, ukipiga teke la chura ili tope lisiamke. Samaki wadogo wanaoishi mawe­ni utawaona mlangoni mwa kila ufa, na wao ndio starehe yenyewe.

Nenda asubuhi, Julai upepo wa kusini huchafua ziwa. Waulize BMU, kamati ya usimamizi wa mwalo, kuhusu mamba na viboko, na wakikuambia leo usiingie, usibishane. Uliza pia boti ilikuwa ya nani, na kama kuna aliyekufa nayo. Usitoe hata msumari.

Halafu kichocho. Kipo ziwani. Wiki sita hadi nane baada ya kutoka majini nenda ukapime. Mjomba atakucheka, atasema yeye anaoga humo tangu mtoto. Mchukue naye akapime.