Dawa za kuagiza kwa simu, mama amekataa katakata

SWALI: Habari daktari, mama yuko Kitui ana presha na sukari, kila mwezi anapanda matatu kufuata dawa mjini. Nikamwambia niagize kwa simu zije na boda, akasema dawa ya boda ni ya wakora. Nifanyeje?

JIBU: Dadangu usimlaumu, dawa feki zipo kweli. Ila Kenya duka la dawa la mtandaoni si kitu cha juzi, MYDAWA ilianza 2017, shida ni watu wengi hawatofautishi duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu na jamaa anauza tu Facebook. Cheki leseni kwanza, na wakikuuzia antibayotiki bila karatasi ya daktari, kimbia. Uliza pia kama kuna mfamasia, mpe mama aongee naye mwenyewe, wazee wanataka kusikia sauti bana. Kinachonisumbua mimi ni insulini, kama anatumia, hiyo kabla ifunguliwe inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, sasa boda kwa jua la Kitui... uliza inabebwa ndani ya nini, wakibabaika aendelee na matatu yake. Anza na vidonge vya presha.