Mtalii Huondoka, Mstaafu Huzeeka

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linataka tuseme kama miji ya ufukweni ya Karibi itaendelea kuwa makao ya wastaafu wa kigeni na kimbilio la watalii, au kama enzi hiyo inaelekea ukingoni. Kwa maoni yangu utalii utaendelea, pengine kwa wingi kuliko leo. Makazi ya wastaafu ni jambo jingine, kwa sababu yatategemea kitu kisichoonekana katika picha za matangazo, nacho ni uwezo wa mji wenyewe kumtunza mtu anayezidi kudhoofika. Tumezoea kuwatia watalii na wastaafu kapu moja kwa kuwa wote huleta fedha za kigeni, ilhali mtalii anahitaji wiki moja ya jua na kitanda kisafi, na mstaafu anahitaji daktari, dawa, maji yasiyokatika na mtu wa kumwinua akianguka bafuni.

Nitajibu nikiitazama pwani ya kaskazini ya Jamhuri ya Dominika, hasa Sosúa na jirani yake Cabarete. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao hapa Toronto, na kila mwaka majira ya baridi yakikaribia baadhi ya wale ambao bado wana nguvu hufunga nyumba zao na kuelekea huko mpaka theluji iyeyuke. Habari za miji hiyo nimezisikia kwa miaka mingi kutoka kwa watu wanaoipenda kwa dhati, na nimeona pia yanayowalazimisha kuiacha.

Sosúa tunayoijua leo ilijengwa na wageni. Mwaka 1938, katika mkutano wa Évian uliojadili hatima ya Wayahudi waliokuwa wakikimbia utawala wa Hitler, wakati mataifa makubwa yakitoa visingizio, serikali ya Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika, ilijitolea kupokea hadi watu 100,000. Huruma haikuwa sababu pekee, kwani mwaka uliotangulia majeshi yake yalikuwa yameua maelfu ya Wahaiti karibu na mpaka, naye alihitaji kusafisha jina lake mbele ya dunia. Waliofika kuanzia mwaka 1940 walikuwa mia chache tu. Walipewa ardhi iliyokuwa shamba la ndizi la kampuni ya United Fruit, wakafuga ng'ombe, wakaanzisha kiwanda cha maziwa na jibini ambacho bidhaa zake zilienea nchi nzima. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha mgeni anavyoweza kuingia katika mji akawa sehemu yake: walizalisha, waliajiri, na baadhi yao walioa huko huko. Utalii uliposhika kasi katika miaka ya 1980, baada ya uwanja wa ndege wa Puerto Plata kufunguliwa, uhusiano huo ulibadilika. Hadi leo ufukwe wa Sosúa umelala kati ya mitaa miwili: upande mmoja ni El Batey, palipokuwa makazi ya wakimbizi na ambapo sasa pana hoteli na nyumba za wageni, na upande wa pili ni Los Charamicos, mtaa wa wafanyakazi. Mstaafu anaweza kuishi El Batey kwa muongo mzima bila kuwa na sababu ya kuuvuka ufukwe huo.

Sheria ndizo zilizomfungulia mlango. Sheria ya Dominika namba 171-07 ya mwaka 2007 inampa ukaazi mgeni anayethibitisha pensheni isiyopungua dola 1,500 za Marekani kwa mwezi, kiasi ambacho kinapita mara kadhaa mshahara wa mhudumu wa hoteli, na inamwongezea nafuu za kodi. Sheria namba 158-01 ya mwaka 2001 inawasamehe kodi kwa miaka kadhaa wanaowekeza katika miradi ya utalii iliyoidhinishwa, wakiwemo wanaonunua nyumba ndani ya miradi hiyo. Belize ilianzisha mpango wake wa wastaafu mwaka 1999, na Panama na Kosta Rika zina mipango yao. Wasomaji wa Malindi na Watamu, ambao wameishi na Waitaliano kwa miongo mingi, hawahitaji kuelezwa hesabu iliyomo. Mipango hii hupima hasa mgeni anaingiza kiasi gani. Inaweza kumtaka cheti cha afya siku anayoingia, lakini haijiandai kwa siku atakapokuwa na miaka themanini na tano.

Wengi wa wanaotoka Ontario, mkoa wa Kanada ulio na Toronto, hawahami kabisa, na sababu yake ni ya kisheria. Mkazi wa mkoa huu hana budi kuwa ndani yake angalau siku 153 katika kila kipindi cha miezi 12 ili asipoteze haki ya bima ya afya ya umma. Kwa Wamarekani, Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipi matibabu ya nje ya nchi isipokuwa katika hali chache sana, na ndiyo maana baadhi yao huchagua Puerto Rico au Visiwa vya Virgin vya Marekani, ambako bado wamo ndani ya mfumo wao. Bima binafsi ya safari hupanda bei kadiri umri unavyopanda, na mara nyingi hukataa kugharimia maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kusafiri. Matokeo yake ni mji wenye nyumba nyingi zinazokaa tupu nusu ya mwaka, huku bei yake ikipangwa na kipato cha watu wasiokuwepo. Nimewahudumia wanandoa waliouza kila kitu wakahamia ufukweni wakiwa na miaka sitini na kidogo, wakaishi kwa furaha ya kweli, kisha mume akapatwa na kiharusi. Mke hakuwa na ndugu karibu, Kihispania chake kilikuwa cha sokoni na si cha hospitali, na akiba yao ilikuwa imegeuka kuwa nyumba ambayo haikupata mnunuzi kwa haraka. Walirudi Kanada wakiwa wagonjwa, wazee, na bila makao. Sidhani kama mji wao ulikuwa na nia mbaya nao. Haukuwahi kuandaliwa kwa ajili ya hali yao.

Na hata ungeandaliwa, nani angefanya kazi hiyo? Jamaika, Trinidad na visiwa jirani kwa miaka mingi vimekuwa vikipoteza wauguzi wanaochukuliwa na hospitali za Uingereza, Marekani na Kanada. Mzee anasafiri kusini kufuata jua, wakati muuguzi ambaye angemtunza anasafiri kaskazini kufuata mshahara. Nami niliyetoka Tanga nimo katika msafara huo wa pili, kwa hiyo siwezi kuwalaumu wanaoondoka.

Wako wastaafu wa aina nyingine ambao mijadala hii huwasahau, nao ni wenyeji wanaorudi. Mtu aliyeondoka Karibi kijana, akafanya kazi miaka arobaini London au Birmingham, anaporudi uzeeni ana ndugu, ana lugha, ana kanisa lake na makaburi ya wazazi wake. Hata huyu amewekewa vikwazo. Akirudi Jamaika au Barbados, pensheni yake ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka, kwa kuwa kuna makubaliano kati ya nchi hizo; akirudi Antigua, Saint Lucia au Grenada, haiongezwi tena. Ningekuwa waziri katika mojawapo ya visiwa hivyo, ningepigania jambo hilo kabla ya kuchapisha brosha nyingine ya kuwavutia wageni. Barbados ilianzisha mwaka 2020 kibali cha miezi 12 kwa wanaofanya kazi kwa intaneti, na visiwa vingine vikaiga. Ni wazo zuri la kujaza nyumba, ila halijibu swali la uzee.

Bahari nayo ina neno lake. Mwani wa sargassum, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukifurika fukwe nyingi za Karibi, huisumbua zaidi Punta Cana na pwani ya Meksiko kuliko Sosúa, na mtalii akiukuta anaweza kubadili tiketi mwaka unaofuata. Mwamba wa matumbawe ni suala zito zaidi. Ndio unaovunja mawimbi mbele ya ghuba ya Cabarete, na ukidhoofishwa na joto la bahari pamoja na maji taka ya majengo yaliyo nyuma yake, mchanga unaouza nyumba zote hizo hubaki bila kinga. Kuhusu vimbunga, tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilipiga kusini-magharibi mwa Jamaika kikiwa cha daraja la tano, la juu kabisa, na kuuharibu vibaya mji wa Black River. Serikali ilikuwa na hatifungani ya maafa, yaani dhamana inayoilipa nchi ikipigwa na maafa makubwa, iliyopangwa kupitia Benki ya Dunia, nayo ikalipwa yote, dola milioni 150. Mstaafu mmoja mmoja hana chombo kama hicho. Ana bima ya nyumba ambayo ada yake hupanda baada ya kila kimbunga, na umri ambao haumruhusu kuanza upya.

Linabaki suala la wanaojenga. Majengo ya pwani za Dominika yameinuliwa kwa sehemu kubwa na mikono ya Wahaiti, na Oktoba 2024 serikali ya nchi hiyo chini ya Rais Luis Abinader ilitangaza lengo la kuwarudisha kwao hadi watu 10,000 kila wiki. Sioni haki katika mji unaotumia nguvu za mtu kusimamisha nyumba, kisha usimpe mahali pa kulala kwa amani. Wahudumu wa Kidominika hawafukuzwi, lakini kodi za kupanga nyumba huwasogeza mbali na ufukwe kidogo kidogo, na mzee anayehitaji msaada saa nane za usiku hatasaidiwa na mtu anayeishi mwendo wa saa nzima kutoka kwake.

Kwa hiyo, kabla ya jengo lingine la ghorofa kuidhinishwa Sosúa au Cabarete, ningependa baraza la mji limwulize mjenzi maji yatatoka wapi, maji taka yatakwenda wapi, na wauguzi watapanga nyumba wapi. Fedha za kuanzia zipo. Sehemu ya kodi inayosamehewa chini ya sheria namba 158-01 ikigeuzwa kuwa mchango wa lazima, inaweza kuanza kulipia kliniki ya wazee, mtambo wa kusafisha maji taka na nyumba za kupanga za gharama nafuu pande zote mbili za ufukwe, na mstaafu anayesaini mkataba wa kununua nyumba atakuwa pia amelipia matunzo yake ya miaka ishirini ijayo.