Usimwachie muuzaji akufungulie akaunti: maswali yenu kuhusu kununua simu

Maswali mengi yanayonifikia kipindi hiki cha mavuno, watu wanapokuwa na fedha mkononi, yanahusu bei, kamera na betri. Nimechagua haya machache kwa kuwa waulizaji wake wamekumbuka kwamba simu ndiyo inayotunza siri zao na za watu wao.

Swali (Mafinga): Nilinunua simu mpya Iringa mjini. Kijana wa dukani alinifungulia kila kitu, nikaondoka simu ikiwa tayari. Sasa inanidai nywila ya Gmail nami siijui. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, jambo hili nimelikemea mara nyingi na nitaendelea kulikemea, kwa sababu linafanyika kila siku juu ya kaunta, mbele ya macho ya mnunuzi mwenyewe. Kijana anawasha simu, anafungua akaunti kwa jina lako, anaweka nywila ile ile anayowawekea wateja wote, na simu inapodai namba ya kurejeshea akaunti anaandika ya kwake kwa kuwa ndiyo anayoikumbuka. Pengine hana nia mbaya. Anaharakisha ili amhudumie anayefuata. Lakini mwenye namba hiyo anaweza kubadilisha nywila siku yoyote, na aliyeingia katika akaunti anaweza kuona majina na namba ulizohifadhi humo, kuona picha zako ikiwa zinajihifadhi mtandaoni, kujua simu ilipo, na hata kuifunga au kuifuta akiwa mbali.

Rudi dukani na risiti yako. Akutajie nywila, uibadilishe hapo hapo, uweke namba yako mahali pa namba yake, kisha ufungue sehemu ya usalama ya akaunti na kuondoa kila kifaa usichokitambua. Akiwa hapatikani, fungua akaunti mpya wewe mwenyewe, hamishia majina humo, ndipo uiondoe ile ya zamani katika Mipangilio. Zingatia mpangilio huo. Ukikimbilia kuifuta simu kwa kubonyeza vitufe kabla ya kuiondoa akaunti, itakapowaka itakudai nywila ile ile usiyoijua, na hapo utaanza kuwalipa mafundi.

Haya yanawahusu pia wanunuzi wa iPhone. Muuzaji akiingiza akaunti yake ya Apple katika simu yako, ana uwezo wa kuifunga hata miezi mingi baada ya wewe kumlipa.

Swali (Mwanjelwa, Mbeya): Simu ipi ni nzuri kwa laki mbili na nusu?

Jibu: Swali hili limeletwa tena na tena bila muulizaji kusema simu ni ya kazi gani, kwa hiyo nami narudia jibu langu: kabla ya kujaribu kamera, ingia Mipangilio, kisha "Kuhusu simu", utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo ni ya miaka miwili iliyopita, irudishe kwenye kabati.

Swali (Tunduma): Nimepata simu ya mtumba kwa nusu bei, haina boksi wala risiti. Nikikagua IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inatosha?

Jibu: Haitoshi, ingawa ni lazima uanzie hapo. Bonyeza *#06#, namba itakayotokea uitume kwa ujumbe kwenda 15090, na ulinganishe jibu na simu uliyoishika. Waliokuwepo Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, wanajua hasara ya kupuuza hatua hiyo. Hata hivyo, IMEI halali haikuambii ndani ya simu kumewekwa programu gani. Mwaka 2019 Google yenyewe ilithibitisha kwamba programu hasidi iitwayo Triada iliwahi kupachikwa katika baadhi ya simu za Android kabla hazijamfikia mnunuzi. Mtake muuzaji aondoe akaunti yake na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, nawe ukiwa unatazama, hadi utokee ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha. Akikataa, ondoka. Na simu isiyo na risiti huenda ina mwenyewe anayeitafuta, ambaye ameshatoa taarifa polisi.

Swali (Vwawa): Mimi ni mwalimu. Nimechukua simu ya mkopo, nikichelewa kulipa inajifunga. Je, kampuni inasoma meseji zangu?

Jibu: Mwalimu, uwezo wa kufunga simu si uwezo wa kusoma meseji, ila programu moja inaweza kupewa yote mawili. Fungua Mipangilio, ingia kwenye Programu, itafute ile ya mkopeshaji na utazame ruhusa zake. Ikiwa inaruhusiwa kusoma meseji, majina au kujua mahali ulipo, mwulize mkopeshaji kwa maandishi sababu ni nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zinakusanywa kwa madhumuni gani, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hukuniuliza, lakini nitasema: kuchukua simu kwa mkopo ni afadhali mara nyingi kuliko kukopa fedha kupitia programu uliyotumiwa WhatsApp. Tangu mwisho wa Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake kuchukua majina na picha za mkopaji. Zinazosambazwa nje ya duka hilo hazina wa kuzizuia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Watu wamedhalilishwa kwa meseji zilizotumwa kwa mabosi, wakwe na wachungaji wao, na wakwe hao hawakukopa chochote wala hawakumruhusu yeyote kuchukua namba zao.

Swali (Njombe): Je, nikirudi kwenye kitochi nitakuwa salama?

Jibu: Dhidi ya programu za udukuzi, kwa sehemu kubwa ndiyo, lakini mtandao wako bado unajua uliyempigia na mnara uliokuhudumia, na meseji za kawaida hazina ulinzi walio nao wanaotumia WhatsApp au Signal.

Swali (Uyole): Nauza simu yangu ya zamani. Nimeshafuta picha zote, yatosha?

Jibu: Hapana. Toa laini na memori kadi, ondoa akaunti zote, kisha irudishe simu kama ilivyotoka kiwandani.

Swali (Tukuyu): Wakati wa kusajili laini, wakala alinitaka niweke kidole mara tatu akidai mashine inasumbua. Nina wasiwasi.

Jibu: Wasiwasi wako una msingi. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiikuta usiyoijua, nenda leo hii na kitambulisho hicho katika duka la mtandao husika, wala usiende kwa wakala wa mwamvuli, na usiondoke hadi uione imefutwa.