Fundi Anajibu: Rimu za Inchi 17 kwa IST ya Buswelu, na Maswali Mengine ya Matairi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Toyota IST, imekuja na rimu za chuma za inchi 15 na matairi ya 185/65R15. Vijana wenzangu wananiambia nifunge rimu za sports za inchi 17, eti gari litapendeza na litatulia barabarani. Baba mdogo anasema nitajuta, gari litakuwa gumu kama mkokoteni. Nakaa Buswelu, kazini ni Mwanza mjini, na mwisho wa wiki navuka kwenda Sengerema kwa wazazi. Nikirudi huwa nimejaza mchele na viazi. Nimsikilize nani?
Kijana wa Buswelu

JIBU: Marahaba, ng'wanawane. Kwa safari zako na mizigo yako, msikilize baba yako mdogo. Wenzako nao wana hoja kwenye kupendeza, ila inchi 17 wamezidisha. Gari hilo ukiniletea mimi, nalifungia 16. Nikueleze kwa nini.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi ulilonalo. Ile 185 ni upana kwa milimita. Ile 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya huo upana, yaani milimita 120 hivi. Ile 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Jumlisha mbavu mbili na rimu, unapata gurudumu la milimita 621 na nusu kutoka juu hadi chini. Gari lako limepangiwa kimo hicho: spidi mita, gia, nafasi ya ndani ya madgadi, vyote vimepigiwa hesabu hapo. Kwa hiyo ukikuza rimu, lazima ukate ubavu ili gurudumu lisizidi. Kwa inchi 17 muuzaji atakupa 205/45R17, ambalo ubavu wake ni milimita 92. Umepoteza karibu sentimita tatu za mpira na upepo, na hizo ndizo zilizokuwa zinapokea shimo kabla halijafika kwenye shokapu, kwenye bushi na kwenye mgongo wako.

Watu wengi wanachanganya mambo mawili hapa. Gurudumu kubwa kwa kipenyo chake chote cha nje kweli hupita shimoni kwa urahisi zaidi, kwa sababu halizami sana. Rimu kubwa ndani ya gurudumu la kimo kilekile ni habari nyingine kabisa. Shimo ni lilelile, gurudumu linazama vilevile, ila mpira wa kulipokea umepungua. Anayekwambia gari "litatulia" anazungumzia kona na stelingi, na hapo hajadanganya. Ubavu mfupi haujipindi sana, ukizungusha stelingi gari linaitikia papo hapo. Ukiwa juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, utaisifu sana hiyo 17. Lakini daraja lile ni kama kilomita tatu tu. Ukishateremka yapo matuta, zipo rasta kila unapofika kwenye senta, na ipo njia ya vumbi ya kuingia nyumbani kwa wazazi ambayo mvua ya masika ikipita inabaki mifereji mitupu.

Hapa mjini pia usijidanganye. Makongoro Road na Kenyatta Road ni lami, sawa. Ila mara ngapi unaishia kwenye lami? Barabara zetu za mawe zinazopanda milimani zimejengwa vizuri na zinastahimili maji, ila kila jiwe lina ukingo wake. Tairi la ubavu mfupi likigonga ukingo huo kwa mwendo, mpira unabanwa kati ya jiwe na rimu, na nyuzi za ndani zinakatika. Kesho yake unaona nundu ubavuni. Nundu hiyo haizibwi na fundi yeyote, maana si pancha. Pale tairi linashikiliwa na ngozi ya juu peke yake, na linaweza kupasuka ukiwa Usagara kwenye mwendo na familia ndani. Ukiona nundu, tairi hilo halina kazi tena. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu hapa gerejini kwangu Nyakato naletewa matairi ya namna hiyo na mtu ananiuliza kama linaweza "kusogeza siku mbili tatu". Hapana. Na rimu ya aluminiamu iliyopata ufa usikubali ichomelewe ili urudi nayo barabarani.

Kuna na uzito. Rimu kubwa ya bei nafuu mara nyingi ni nzito, na uzito wake umehamia pembeni, mbali na kitovu, mahali ambapo injini inahangaika zaidi kuuzungusha na breki zinahangaika zaidi kuusimamisha. Tena ni uzito ambao springi haziubebi, kwa hiyo shokapu inafanya kazi ya ziada kila gurudumu linaporuka. Jarida la magari la Marekani, Car and Driver, liliwahi kuchukua Volkswagen Golf moja na kuifunga rimu za inchi 15 mpaka 19, moja baada ya nyingine. Kona zilishikwa vizuri zaidi kadiri rimu na matairi vilivyokua. Lakini kutoka 15 mpaka 19 gari lilizidi kuwa zito kuondoka, na umbali liliokwenda kwa mafuta yaleyale ulipungua kwa takriban asilimia 10. Wewe huendi 19, kwa hiyo hasara yako ni ndogo kuliko hiyo, ila iko upande huohuo.

Tuje kwenye uzuri, maana sitaki kukunyima. IST ni gari fupi lenye kimo, na matao yake ya magurudumu ni makubwa. Rimu ya chuma yenye kifuniko cha plastiki inaonekana imepwaya pale. Inchi 16 yenye spoku tano nene inalijaza tao vizuri, na mtu akiliangalia gari kwa mbali anaona limesimama imara. Ukifika 17 na zaidi, macho yanaiacha bodi yanaangalia rimu, na gari lenyewe linaonekana limesinyaa. Halafu kupitia spoku nyembamba zile kinaonekana kile kidude cha breki ya ngoma ya nyuma, kidogo na chenye kutu. Huo ni mtazamo wangu, ila nimeangalia magari mengi. Rangi chukua kijivu iliyokoza. Inayong'aa sana inachafuka na vumbi la Buswelu kabla hujafika Nyakato.

Kwa hiyo agiza 195/55R16. Ubavu wake ni milimita 107, na gurudumu zima linafika milimita 621, karibu sawasawa kabisa na ulilonalo. Spidi mita haitadanganya wala madgadi hayataguswa, bora tu rimu isitokeze nje kupita ile ya zamani. Hakikisha ni ya nati nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 100.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji ni namba ya mzigo, ile inayofuata baada ya saizi. Tairi lako la sasa likiwa na 88, linabeba kilo 560. Hiyo 195/55R16 inapatikana ikiwa na 87, yaani kilo 545, na inapatikana ikiwa na 91, yaani kilo 615. Wewe wa mchele na viazi chukua ya 91. Tairi hilo huandikwa XL, yaani limeimarishwa kwa mzigo zaidi, na linahitaji upepo zaidi kidogo: ongeza pauni mbili hadi nne juu ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hao wenzako wa 205/45R17, waulize kama wamewahi kusoma namba yao. Yako mengi ya 84, ambayo ni kilo 500 tu.

Ukinunua mtumba, tafuta kisanduku chenye tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na mpira ukawa umeshazeeka. Na akija mtu wa kukushawishi ukate springi ili gari likae chini, mwambie akusindikize kwenye kivuko cha Kamanga, akaone bampa inavyokwangua pale unapopanda na kushuka.

SWALI: Fundi habari za kazi. Noah yangu ilikuwa na 195/65R15, nikaweka 205/70R15 ili inyanyuke, maana natoa abiria na mizigo Magu vijijini. Imenyanyuka kweli, lakini mafuta naona yamepanda sana na kona kali kuna kitu kinakwaruza mbele. Nimeharibu?
Dereva, Magu

JIBU: Salama, dereva. Hujaharibu, na kwa njia zako wazo lenyewe si baya, kwa sababu umeongeza mpira badala ya kuupunguza. Gurudumu lako limetoka milimita 634 kwenda 668. Nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 17, ndiyo iliyoinua tumbo la gari.

Kwenye mafuta usishtuke mapema. Gurudumu likikua, mita inahesabu pungufu. Kilomita 100 za kweli sasa zinaonekana 95, kwa hiyo ukigawa lita kwa namba ya mita unapata picha mbaya kuliko hali ilivyo. Zidisha kilomita za mita kwa 1.05 ndipo upige hesabu. Kupanda kidogo kutakuwepo tu. Kubwa zaidi ni tochi za trafiki za kupima mwendo: mshale ukikaa 50, gari linakwenda karibu 53, na kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Shikilia 47.

Kinachokwaruza ni tairi kwenye plastiki ya ndani ya madgadi, na ukipakia kitakwaruza zaidi. Lipakie gari kabisa, zungusha stelingi hadi mwisho pande zote mbili, uangalie. Plastiki ikiwa imeliwa kidogo, fundi anaweza kuisogeza. Ikiwa tairi linagusa chuma au mpira wa breki, rudisha 195/65R15 leo hiihii.

SWALI: Kaka fundi, nimefunga rimu za sports za mtumba kwenye Vitz yangu. Nikifika 80 njia ya uwanja wa ndege stelingi inatetemeka. Balansi nimefanya mara mbili. Shida nini?
Mama wa Kirumba

JIBU: Dada, mwambie fundi apime tundu la katikati ya rimu. Kitovu cha Vitz ni milimita 54.1. Rimu nyingi za mtumba zimetobolewa tundu kubwa zaidi ili ziingie magari ya aina nyingi, kwa hiyo rimu inakaa kando kidogo, na mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo kwa sababu yenyewe inaishika rimu katikati. Kuna ringi za plastiki au aluminiamu za kuziba nafasi hiyo, tafuta za ndani 54.1 na nje kulingana na tundu lako. Angalia na nati: za rimu ya sports ziwe na ncha inayolingana na mashimo yake. Zikazwe kwa msalaba, gari likiwa limeshushwa, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ikiendelea kutetemeka, rimu yenyewe imepinda. Ifungwe kwenye mashine izungushwe uone kwa macho yako kabla hujalipa kitu kingine.